Ulili Wako Unabaki

Mwanangu Mhina,

Hujui kusoma bado, lakini naandika kama vile utaisoma barua hii kesho ndani ya basi. Nitampa baba yako mkubwa akuwekee mpaka siku herufi zitakapoacha kukukimbia.

Jambo la kwanza ni lile ambalo sijakuambia kwa mdomo. Ulili wako hauendi nawe Kerenge kwa baba yako. Nilikuahidi kwamba ulili utapanda juu ya basi pamoja na magunia na kuku, na tangu jana umekuwa ukimtangazia kila anayepita. Hauendi. Jua bado halijafika kwenye migomba ya jirani, na kabla halijazama itabidi nitoke nikuambie. Ndiyo maana nimekaa humu ndani naandika.

Nimekaa juu ya huo huo ulili. Kupitia mlangoni nakuona umemshika baba yako mkubwa kwa pindo la kanzu, unamwonyesha pengo la jino lako.

Habari za kuoga, kula ulichopewa na kuwaamkia wakubwa sitaziandika. Bibi yako amezisema tangu asubuhi, na nadhani baba yako mkubwa amezishika kuliko wewe. Mimi nataka kukuambia mengine, na sijui yaanzie wapi, kwa hiyo yatatoka yanavyotoka.

Huko Kerenge watakuuliza mimi ni nani kwako. Mama aliyekuzaa, Zuhura, alikuwa dada yangu, tumbo moja. Mimi ni mama yako mdogo. Nilipoanza kukuita mwanangu nilikuwa bado naruka kamba na wenzangu njia ya shuleni, nao walikuwa wanacheka: "Mama Mhina, mwanao analia huko." Nilikuwa naona haya, naacha kamba, naja mbio. Sasa nimemaliza shule, hakuna anayecheka, na wewe ndiyo unaondoka.

Nilisimama kidogo kuchungulia. Umekaa chini sasa, unachora kitu mchangani. Nimerudi.

Nikiwa darasa la nne, mwalimu alichora kitanda ubaoni akauliza ni nini. Mimi sikuwa mtu wa kunyoosha kidole. Siku hiyo nilinyoosha, nikasema, "Ulili." Watoto wanaokaa karibu na boma wakaangua kicheko, mmoja akasema ulili ni wa kwa bibi. Mwalimu hakucheka. Alikuwa mgeni kwetu, akataka kujua kweli: "Ulili ni kitanda gani?" Nikasimama, kisha nikakaa. Yule mwalimu alishahamishwa. Jibu nimebaki nalo, basi nakupa wewe.

Ulili ni kitanda kidogo cha kuwambwa kwa ngozi au kamba, cha mtu mmoja, au mama na mtoto wake mchanga. Matendegu yake, yaani miguu, ni mafupi, mifumbati yake, zile mbao za ubavuni, ni myembamba, na wanaume wawili wanaweza kuuinua mabegani wakatembea nao mwendo mrefu. Hapo ndipo unapotofautiana na vile vitanda vya mbao vya fundi, ambavyo vikishaingia chumbani havitoki tena. Ulili hautulii ndani. Asubuhi unatolewa nje, unaanikwa muhogo. Mgeni akija muhogo unapakuliwa, anakalia yeye. Kuku wanalala chini yake mchana. Mwanamke akijifungua, analazwa juu yake. Mtu akizidiwa, anabebwa juu yake kwenda zahanati. Na akifa, ndio huo huo unaompeleka. Bibi yako akisema, "Fulani yuko ulilini," inabidi umtazame usoni kwanza, ndipo ujue kama utauliza ni mtoto gani au utasema pole.

Ulili wa nyumba hii nimeukuta. Bibi yako alimzaa mama yako juu yake, na mimi pia, na wewe ulizaliwa hapa hapa ninapoandikia. Mtaa mzima unauazima. Hakuna mtu anayeuliza ni wa nani. Wanakuja mlangoni wanasema tu, "Tumeufuata ulili," na sisi tunahamia kwenye mkeka.

Mama yako alishikwa na homa wakati wa masika, wewe ukiwa ndiyo kwanza unaanza kusema maneno mawili mawili. Walimbeba juu ya ulili kwenda zahanati. Mimi nilikuwa nyuma nimekubeba mgongoni. Njia nzima nilitazama mkono wake uliokuwa unaning'inia, na nilitaka kuwaambia wabebaji wasimame niurudishe juu, lakini niliona haya kuwasimamisha wanaume. Mwishowe alikuja mama mmoja akaurudisha. Jioni walimrudisha nyumbani juu ya ulili ule ule, amefunikwa mpaka usoni.

Kwa desturi yetu, ulili uliomleta maiti haulaliwi na mtu mpaka uwambwe upya. Kamba za zamani zinakatwa na kufukiwa, mbao zinaoshwa, zinaachwa juani. Anayewamba awe mtu wa nyumba ile ile. Baada ya msiba bibi yako hakuwa na nguvu mikononi, wewe ulikuwa umenikalia kiunoni, basi nikawamba mimi.

Sasa sikiliza jinsi nilivyofanya. Siku zote ulili wetu uliwambwa kwa mikanda ya ngozi, tuliyokuwa tunapata kwa Wamasai wa huko mbugani. Ngozi unailowesha mpaka iwe laini, unaiwamba mbichi, nayo ikikauka inajikaza yenyewe mpaka inalia kama ngoma ukiipiga. Hiyo niliijua, nilimwona bibi yako akifanya. Lakini mwaka ule ngozi haikupatikana. Kulikuwa na kamba ya katani ambayo baba yako alituletea kutoka mashamba ya mkonge ya Korogwe anakofanya kazi, ya kufungia mbuzi. Nikaichukua, nikailowesha kwenye sufuria usiku kucha kama ngozi, nikaiwamba ikiwa inachuruzika maji. Ilikuwa imekaza vizuri sana. Niliita watu waje waone.

Katani haifanyi kama ngozi, mwanangu. Ikilowa inajikunja, ikikauka inarefuka. Baada ya jua la siku mbili tatu ulili ulikuwa umelegea katikati, umekuwa kama mbeleko.

Sikuwa nimemwambia mtu, na kabla sijapata la kufanya wakaja kuufuata. Mzee Semkiwa alikuwa amevimba mguu. Niliwaona wakimlaza, nikanyamaza. Hawakufika mbali, mgongo wake ukaanza kugusa majani, na yalikuwa na umande.

"Ninyi vijana," nikamsikia anasema, "mnanipeleka zahanati au mnanipeleka kuniosha?"

Wakasimama wakatazama chini ya ulili. Mmoja akauliza nani kawamba. Wengine wakaniangalia mimi.

"Mwantumu," Mzee Semkiwa akaniita, bado kalala vile vile na mguu wake juu, "nilisikia umewamba ulili. Mbona hapa nimelala kwenye wavu wa samaki?"

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nikirudi mzima utanionyesha na mto wenyewe wa kuvulia."

Walicheka wote, na mguu wake ulipona, lakini mimi sikutoka nje siku kadhaa. Mpaka leo wapo wanaoniita Wavu. Wewe uliwahi kuniuliza kwa nini, nikasema sijui.

Lakini kosa lile ndilo lililokulaza. Baada ya msiba ulikuwa hulali. Ukilazwa mkekani unaamka, unatambaa gizani ukimtafuta. Nilikuweka kwenye ulili uliolegea, katikati ile ikakumeza, pande zote mbili zikakukumbatia, ukalala mpaka jua likaingia mlangoni. Bibi yako alikuja mara kwa mara kukusikiliza kama unapumua. Kesho yake vijana walikuja kuukaza ulili kwa ajili ya wagonjwa, wakavuta kamba ya kukazia iliyo upande wa miguuni mpaka ukanyooka. Jioni ulikataa kabisa kulala. Ulilia mpaka ukatapika.

Basi nikajifunza kazi ambayo hakuna aliyenifundisha. Jioni nalegeza kamba ya miguuni, unalala. Wakija kuufuata, nakutoa, naivuta, naifunga, wanaondoka nao. Wakiurudisha, nalegeza tena. Siku nyingine mikono ilichubuka. Hakuna aliyejua isipokuwa bibi yako, naye alisema, "Unamdekeza." Kisha akaenda mwenyewe kulegeza siku niliyokuwa na homa.

Bibi yako na baba yako walikubaliana tangu msibani kwamba utakaa kwetu mpaka jino la kwanza ling'oke, ndipo urudi kwa baba yako. Ndiyo sababu nilikuwa nakukataza kulitikisa. Nilikuambia ukilitikisa litaota pembe. Hilo lilikuwa langu, si kweli, na nilipokuona umelala umeziba mdomo kwa kiganja nilijiona mbaya. Halafu ukang'ata hindi la kuchoma, likabaki humo kwenye hindi. Ulikuja mbio kunionyesha, umefurahi. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kidogo.

Baba yako mkubwa anacheka huko nje. Sauti yake kubwa, utaizoea. Sijui umemwambia nini.

Nirudi kwenye ulili. Umeona jinsi watu wanavyobomoa nyumba zao. Tunahamia kijiji kipya cha ujamaa, huko barabarani, tukae pamoja, tupate shule iliyo karibu, na bomba la maji. Zahanati wamesema itajengwa. Kwa sasa, kutoka huko kwenda kwenye ile tuliyoizoea ni mbali zaidi kuliko kutoka hapa. Ndilo lililozungumzwa kwenye mkutano wa juzi, ule ambao wewe ulisinzia mapajani kwangu.

Niliujia mkutano ule nikiwa nimejiandaa. Baba yako alikuwa ameleta salamu kwamba uje na ulili wako, maana nilimwandikia jinsi unavyolala, na nilishakuahidi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kisimani: Ndugu mwenyekiti, ulili ule ni wa mtoto wa marehemu dada yangu, naomba aende nao. Hayo tu. Niliyarudia mpaka ndoo ikajaa na kumwagika.

Mwenyekiti akaanza yeye. Akasema kijiji kipya hakina kitu cha kubebea mgonjwa, na ulili unaofaa ni wa nyumba yetu peke yake. "Sisi hatuwanyang'anyi," akasema. "Tunauliza. Mwenye nyumba aseme."

Bibi yako akasema, "Aseme Mwantumu. Mtoto ni wake."

Nikasimama, wewe begani. Watu wote wakageuka. Ulili wenyewe ulikuwa pale mbele, umetolewa kwa ajili ya kukalia, na aliyekuwa ameukalia ni Mama Asha, jirani yetu, mwenye mimba kubwa. Wewe unamjua, anayekupa maandazi. Uzazi wake uliopita ulimshinda nyumbani, alibebwa, akafika zahanati akiwa hai kidogo tu. Hakunitazama hata. Ila mkono wake ulikuwa umeshika mfumbati, umeushika sana.

Nikasema, "Ubaki."

Nikakaa. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema binti huyu ameuelewa ujamaa, fuateni mfano wake. Akaongeza kwamba kwa kuwa nimemaliza shule nitawafundisha kusoma akina mama wa kijiji kipya, na wakapiga makofi tena.

Nimelifikiri neno lile moja kila saa tangu juzi. Ningependa kukuambia nilimwonea huruma Mama Asha. Nilimwonea. Lakini najijua. Najua pia kwamba macho yale yote yalikuwa yananichoma, na neno fupi lilikuwa rahisi kuliko refu. Sijui ni lipi lililonikalisha, huruma au haya. Nilipokuwa nasifiwa nilikuwa natamani wanyamaze. Kama kuna kitu nimekipata katika umri wangu huu mdogo ni hicho tu: unaweza kufanya jambo zuri na usijue kama wewe ni mzuri, na inabidi ulale nalo hivyo hivyo.

Ila hili lingine halina pande mbili. Ulipoamka, tulipokuwa tunarudi, uliniuliza, "Umewaambia?" Nikasema, "Nimewaambia." Ukafurahi. Hilo ndilo linalonifanya nisimame na kukaa tangu mchana.

Baba yako mkubwa amekuja na kamba mpya ya katani, bunda zima, ya kuufungia ulili juu ya basi. Ameiweka hapa mlangoni. Kila nikiinua macho naiona.

Sasa nakwenda kukuambia.

*

Nimerudi. Jua limeshazama, naandikia mlangoni ambapo bado pana mwanga.

Nilikukuta unamweleza baba yako mkubwa njia ya kuupandisha ulili juu ya basi, matendegu yaangalie juu. Nikapiga magoti nikakuambia hauendi. Nikakuambia kwamba niliwaambia ubaki, si kwamba uende, na kwamba nilikudanganya njiani.

Hukulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, si kwa kuulizwa.

"Ataulalia nani?" ukauliza.

"Mama Asha akienda kujifungua. Na mgonjwa mwingine."

"Na wasipokuwepo wagonjwa?"

"Nitaulalia mimi."

Ukafikiri. "Usiukaze, basi," ukasema, ukarudi kwenye michoro yako. Ila baadaye nilikuona umesimama peke yako, unaupiga teke taratibu ule mti wa kuanikia nguo. Nikakuacha.

Ndipo nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekipanga kisimani wala popote. Nilimwambia baba yako mkubwa, mimi, kwa sauti ya kusikika: "Shemeji, ile kamba mpya naiomba."

"Ya nini tena, ikiwa ulili haupandi basi?"

"Niuwambe upya. Huu wa wagonjwa unatakiwa ukaze. Na ile ya zamani aende nayo yeye."

Akanitazama, akavua kanzu akabaki na shati. Tukautoa ulili uani. Nikaifungua kamba ya zamani yote, kuanzia miguuni mpaka mchagoni, imekuwa nyeusi na laini kwa mwili wako. Nikaizungusha kiwikoni. Kisha tukawamba ile mpya, kavu, yeye anavuta, mimi napitisha na kushikilia. Wewe ulikaa juu ya kila mstari tuliomaliza, kuujaribu. Anajua kuvuta. Ulili sasa ukiupiga unalia.

"Huu ni wa wagonjwa kweli," ukasema. "Unaumiza."

Bibi yako akacheka kwa mara ya kwanza tangu jino lako ling'oke.

Nikampa baba yako mkubwa lile bunda la kamba ya zamani. Nikamwambia amfikishie baba yako, achonge ulili mdogo, mti wowote mwepesi wa huko, auwambe kwa kamba hii hii. "Lakini ailoweshe kwanza," nikasema. "Ilale majini usiku mzima, aiwambe mbichi."

"Aa, shemeji," akasema. "Katani hailoweshwi. Sisi tumezaliwa kwenye mkonge. Ukiwamba katani mbichi, ikikauka inakuwa wavu."

"Najua inakuwa wavu. Ya huyu iloweshwe."

Akacheka akasema watamcheka ndugu yake kijiji kizima. Nikasema wacheke. Sikutazama chini.

Kamba imo ndani ya mzigo wako, chini ya shati la sikukuu. Usiku huu utalala mkekani, katikati yangu na bibi yako, tutakubana pande zote. Kesho mtavuka daraja la Pangani pale Korogwe mkiwa mmechoka, na mtapanda gari jingine la kwenda Kerenge. Mimi nitakuwa nabeba mbao za nyumba kwenda kijiji kipya, na wiki ijayo nitasimama mbele ya akina mama na chaki mkononi. Neno la kwanza nitakaloandika ubaoni nimeshalichagua, na akiniuliza mtu maana yake, nitamjibu.

Mwanga umekwisha, herufi zinapandana. Siku utakapoweza kusoma haya utakuwa mrefu, na miguu yako itakuwa imeupita ulili wa Kerenge. Sitakuomba unikumbuke kila siku. Ila watoto wa huko watakuja kwenu, watauona ulili wako umebonyea katikati, na watauliza ni fundi gani aliyewamba hivyo. Usiwaambie kwamba mama yako mdogo alikosea. Waambie kwetu Handeni ndivyo tunavyowamba.

Mama yako mdogo,
Mwantumu